Kitawi Ndani ya Kilemba

Richfield, Minnesota
30 Desemba 2023

Mdogo wangu Projestus,

Barua hii isome ukiwa umekaa, maana ukisoma umesimama huwa unaruka mistari, tabia uliyoianza darasa la pili. Hujambo? Wifi yangu hajambo, na mguu wake? Mimi ni mzima. Shinikizo la damu limeshuka, na Susan anasema ni kwa sababu nimekaa wiki sita bila kubishana na wewe.

Utauliza kwa nini zama hizi za simu nakuandikia karatasi. Nilikupigia siku ya Krismasi. Nilisema, “Heri ya Krismasi!” Ukanijibu, “Ndiyo, amekwishamfunga kamba.” Mpaka leo sijui nani alimfunga nani. Masikio yako na simu vimeachana, na mimi sina nguvu ya kuvipatanisha. Kwa bahati Chacha, anayefanya kazi na Susan, anasafiri kwenda Mwanza keshokutwa, nami nimempa barua hii pamoja na miwani yako. Ni miwani ya kusomea, si ya kuvaa kanisani ili watu wakuone.

Habari za hapa ni njema. Binti yangu Susan bado anauguza wazee, na akirudi nyumbani ananiuguza mimi, nitake nisitake. Mumewe Muriuki, yule Mmeru wa Kenya, ananiheshimu sana, ila Kiswahili chake kinanipa homa. Mjukuu wetu Nkatha ametimiza miaka sita. Anaelewa kila ninachosema na kila kitu ananijibu kwa Kiingereza, kama hakimu mmoja ninayemfahamu alivyokuwa akijibu Kihaya kwa Kiswahili siku alizopata cheo.

Sasa theluji. Hakuna. Wewe na parokia nzima mlinisindikiza kama naenda vitani, Susan akaninunulia koti zito kama mwanambuzi, na koti hilo linaning'inia nyuma ya mlango likinitazama. Siku ya Krismasi ilinyesha mvua, mvua kabisa, kama ya kwetu. Nyasi ni za kahawia na vijana wanapita wamevaa kaptura. Wenyeji wanalalamika kama watu walioibiwa. Jirani yetu, mzee aliyezoea kuvua samaki juu ya barafu, kila asubuhi anatoka, anaitazama mbingu, anarudi ndani na kubamiza mlango.

Jumatano Muriuki akasema, “Mum, leo ni warm, si tu-drive hadi Saint Paul tukaone maua?”

Nikamwambia, “Maua ya Desemba? Na hiyo ‘tu-drive’ irekebishe.”

“Tuendeshe.”

“Tuendeshe nini?”

“Gari, Mum.”

Tukaenda. Ni bustani ya umma, iliyo ndani ya jumba kubwa la vioo. Ukisukuma mlango miwani inaingia ukungu, huoni kitu, na pua inapokea harufu ya udongo uliolowa. Nilisimama pale kama kipofu, nikajiona niko nyuma ya jiko la Mama. Ukungu ulipotoka nikaona migomba. Migomba, Projestus! Imefungiwa ndani kama wafungwa wa heshima, na watu wanaipiga picha. Niliikagua. Majani makavu hayajaondolewa. Nikataka kumwita mhusika, Susan akanishika mkono.

Nilipogeuka, nikakutana uso kwa uso na ua la Mama. Lile la hereni. Linaning'inia vilevile, jekundu nje, zambarau ndani, na zile nyuzi zake chini. Lile alilopewa na Masista akalipanda karibu na mlango wa jiko. Unakumbuka tulivyokuwa tunayachuma na kuyatundika masikioni, hata wewe? Sikuwa nimeliona tena tangu Desemba ya 1967, siku lilipokutwa limeng'olewa pamoja na mizizi, nikachapwa mimi kwa kosa nisilolifanya. Wewe uliwahi kujua nani aliling'oa? Nauliza tu, kwa vile nimelikumbuka.

Mwisho, nina swali la kisheria. Si langu. Ni la mwanaparokia mmoja wa hapa, mama mtu mzima mwenye heshima zake. Je, mtu akikata kitawi kimoja cha ua, kirefu kama kidole, katika bustani ya umma, akakichomeka ndani ya kilemba, hilo ni kosa? Anauliza kwa faida ya wengine.

Dada yako mkubwa (hilo usilisahau),
Redempta


Kamachumu
28 Januari 2024

Ma Redempta, dada yangu,

Mahakama imepokea barua yako pamoja na kielelezo, yaani miwani. Kielelezo kinafanya kazi vizuri kupita kiasi. Nimejiona kwenye kioo na kugundua kwamba wifi yako amekuwa akinificha mambo mengi kuhusu uso wangu. Sisi wazima. Mguu wake umepona, na sasa anatembea haraka kuliko ninavyopenda.

Aliyefungwa kamba siku ya Krismasi ni mbuzi wa jirani. Nilidhani unaulizia habari zake. Mbuzi huyo aliingia shambani kwangu mara tatu ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza nilimwonya mwenye mbuzi kwa maneno. Mara ya pili nilimwonya kwa maandishi. Mara ya tatu mbuzi akala yale maandishi. Kesi inaendelea, na nitakueleza kwa kirefu ukirudi.

Senene walianguka wengi mno Novemba, wiki ileile uliyoondoka, kana kwamba walikuwa wakisubiri upite. Nilikuwekea kopo zima. Kwa sasa ni nusu, kwa sababu ilinibidi nihakikishe mara kwa mara kwamba hawajaharibika.

Nyumba yako naifungua madirisha kila Jumamosi. Paa halivuji. Uwanja wako uko vilevile ulivyouacha, umefagiwa na hauna hata jani moja. Mgeni akipita anadhani ni uwanja wa ofisi ya kata.

Ulisema utarudi kabla ya Pasaka. Pasaka ni tarehe 31 Machi. Paroko ananiuliza, kwaya inaniuliza, hata fundi aliyebaki na gauni lako ananiuliza. Tuambie tarehe.

Kuhusu yule mwanaparokia mwenye heshima zake: huo ni wizi. Udogo wa mali haufuti kosa, na kuificha ndani ya kilemba kunaonyesha dhamira. Ila kwa kuwa ni kosa lake la kwanza (nadhani), na kwa kuwa ana umri mkubwa (najua), mahakama inaamuru arudishe mali na aombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Mwambie asiogope. Wakati mwingine kuomba radhi kunachukua dakika moja tu. Kinachochukua muda ni kufika mlangoni.

Wifi yako ananiita, uji umeiva.

Ta Projestus,
Hakimu Mstaafu


Richfield
25 Februari 2024

Mdogo wangu,

Barua yako ilichukua siku ishirini na tatu, na nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu. Umepata alama sitini na moja. Umepoteza alama kwa kuandika sentensi ndefu kuhusu mbuzi, na zaidi kwa jambo moja: umejibu kila kitu isipokuwa swali moja. Nilifundisha miaka thelathini na minne, kumi na miwili nikiwa mwalimu mkuu. Namjua mwanafunzi anayeruka swali kwa sababu hajui, na ninamjua anayeliruka kwa sababu anajua.

Habari za nyumbani ni nzuri. Nkatha ameng'oka jino. Muriuki sasa anasema “nitaendesha gari” kwa ukamilifu, halafu ananitazama asubuhi nzima akingoja sifa. Theluji ilikuja siku tatu mwezi wa kwanza, baridi ikatukatakata kweli, nikasema sasa koti limepata kazi. Wiki ya pili yake ikayeyuka. Juzi jirani yule wa samaki alikuwa anaosha viti vya nje.

Sasa nivue kilemba. Mwizi ni mimi.

Sijui niliingiwa na nini. Susan alikuwa anamfunga Nkatha kamba za viatu, Muriuki anapiga picha, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Kak! Nikakichomeka kichwani. Njiani tukirudi Nkatha akawa ananitazama kwenye kiti cha nyuma, akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba Bibi anaota majani. Susan alicheka akidhani ni hadithi za kitoto. Mimi nikaanza kusali rozari kwa sauti.

Nilikitia kwenye glasi ya maji dirishani, nikangoja kife. Nilikuwa na hakika kitakufa. Unajua Mama alivyoniambia siku ile, fimbo ikiwa bado mkononi: “Redempta, mikono yako inaua mimea.” Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tangu siku hiyo sijawahi kupanda kitu, Projestus. Hata mchicha. Watu walidhani napenda uwanja msafi.

Wiki ya tatu Nkatha akapiga kelele jikoni kwamba kitawi kimeota miguu. Nikavaa miwani. Uzi mweupe, mwembamba kama wa buibui. Kesho yake miwili. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni na glasi ile mapajani mpaka Susan akaja akaniuliza kama naumwa.

Kikapata udongo katika kopo la mtindi, kikatoa majani mapya. Ndipo ikafika hukumu yako. Nikasema basi, amri ni amri. Jumatano iliyopita nikapanda mabasi mawili peke yangu, kopo ndani ya mfuko, nikaenda kurudisha mali ya umma.

Nilipanga nikiweke kimyakimya chini ya mama yake na kuondoka. Nimeinama, kopo mkononi, nikasikia mtu nyuma yangu. Akaniambia kitu kwa Kiingereza, halafu akatazama kilemba changu na kitenge, akabadilisha: “Mama, hairuhusiwi kuchukua maua.”

Fikiria, Projestus! Nimeiba sikukamatwa, narudisha nakamatwa.

“Sichukui,” nikasema. “Narudisha.”

“Unarudisha nini?”

“Nilichochukua.”

Akachungulia kopo. Ni Mnyarwanda wa makamo, anaitwa Hategekimana, ana aproni ya kijani na mikono ya mkulima hasa. Aliishi Ngara miaka ya nyuma, kwa hiyo Kiswahili chake kina lafudhi ya kwetu kabisa. Nilipomwambia natoka Kamachumu akaweka ndoo chini. Nikamsimulia yote, kuanzia kilemba mpaka kopo la mtindi. Alipomaliza kucheka alijipangusa macho, akaniambia, “Mama, haya tunayapunguza kila mwaka. Vitawi tunavitupa kwa ndoo. Ungeomba, ningekupa mia.”

“Sikutaka mia,” nikamwambia. “Nilitaka kile.”

Akalichukua kopo, akaligeuza, akatazama mizizi iliyochungulia chini. Akasema, “Una mkono wa kupanda.”

Akaenda kumwita mkubwa wake, mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe. Wakazungumza, wakarudi. Kopo nikaambiwa nirudi nalo nyumbani. Na nikaombwa, nikiweza, nije kila Jumatano nisaidie kuondoa maua yaliyokauka. Nilianza siku hiyohiyo. Nina aproni. Na majani makavu ya migomba nimeyaondoa yote.

Kuhusu Pasaka, tutazungumza.

Jibu swali langu.

Redempta


Kamachumu
24 Machi 2024, Jumapili ya Matawi

Dada,

Leo sitaandika kama mahakama.

Nyumbani ni wazima. Mvua zimeanza. Mbuzi amehamishiwa kwa shemeji wa mwenye mbuzi, Muleba mjini, kwa hiyo kesi imefungwa kwa kukosa mshtakiwa. Alama sitini na moja nazikatia rufaa, lakini siku nyingine.

Nimeanza barua hii mara nne. Wifi yako ameniona nikichana karatasi, akadhani naandika wosia.

Ni mimi niliyeling'oa lile ua.

Nilikuwa na miaka minane. Majibu ya mtihani yalikuwa yametoka, wewe umechaguliwa kwenda shule ya bweni ya Masista, na nyumbani kila mtu anashangilia. Baba alichinja jogoo. Mimi peke yangu ndiye nisiyeona sababu ya jogoo kufa. Nani angenisindikiza shule? Nani angenisomea hesabu za kutoa? Nilikuwa sijui kutoa, Redempta, wewe ndiye uliyekuwa unanifanyia. Nikawaza kwa akili yangu ile: akifanya kosa kubwa, Mama atamkataza kwenda. Na katika nyumba ile hakukuwa na kitu kikubwa kuliko lile ua. Nikajua wewe ndiye unayelimwagilia kila jioni. Nikachukua jembe dogo asubuhi wakati mmekwenda kisimani. Lilikuwa na mizizi mingi kuliko nilivyodhani. Nililia nikiling'oa, lakini nililing'oa.

Ulipochapwa nilikuwa nyuma ya ghala. Nilihesabu. Kisha Baba akasema huyu msichana aende kwa Shangazi Bukoba mjini mpaka shule ifunguliwe. Kwa hiyo ukaondoka wiki tatu kabla ya siku yako. Nilitaka ubaki, nikakupoteza mapema zaidi. Nimekaa juu ya kiti cha hakimu miaka ishirini na sita, na kila mtoto alipoletwa mbele yangu kwa kosa la mwingine, nilijua kabla hajafungua mdomo.

Lipo jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nichane karatasi nne. Mama alijua. Nilimwambia mwaka 1988, alipolazwa mara ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Nenda umwambie dada yako wewe mwenyewe, si mimi.” Nikamwambia, nitamwambia Pasaka.

Sikusema Pasaka ipi.

Sasa imefika ya thelathini na sita, na hii nayo utaila huko. Nimeelewa ulivyoandika “tutazungumza”. Wewe unamjua mwanafunzi anayeruka swali, na mimi namjua shahidi asiyetaka kutaja tarehe. Susan ni mwanao, anakupenda, ana haki. Huko kuna dawa, kuna mjukuu, sasa kuna na bustani. Sikuulizi tena lini. Nilikwishajaribu mara moja kukuzuia usiende mahali, na unajua nilivyofanya.

Nisamehe, dada. Nimefika mlangoni.

Projestus


Richfield
21 Aprili 2024

Projestus,

Salamu zako zimefika, na zetu zipokee. Wote wazima. Barua hii naituma kwa njia ya haraka, maana ikichelewa haitakuwa na kazi. Utaona kwa nini.

Barua yako ilifika Jumatatu. Siku mbili nilikukasirikia. Tena si kidogo. Nilitembea mpaka kituo cha basi na kurudi, tena na tena, ndege zinapita juu ya kichwa, nami najibizana na wewe kwa Kihaya kwa sauti, hata jirani wa samaki akatoka nje kuniuliza kama nimepotea. Nilikukasirikia kwa ajili ya zile fimbo, na zaidi kwa ajili ya uwanja wangu. Miaka hamsini na sita bila hata ua moja, Projestus. Hilo sijui utalilipaje.

Kisha nikakumbuka kitu. Ule mwaka wa mwisho wa Mama, nilipokuja likizo, aliniomba nimpandie maharage nyuma ya jiko. Nikamwambia, “Mama, mikono yangu inaua, umesahau?” Akageukia ukutani. Nilidhani amechoka. Sasa najua alikuwa ananiomba radhi, kwa namna aliyoiweza. Laiti ningelijua, ningelipanda shamba zima. Nimelia kwa hilo, na sasa nimenyamaza.

Siku ya tatu nilisoma tena pale pa “Sikusema Pasaka ipi”, nikacheka mpaka Susan akaja mbio.

Basi sikiliza hukumu. Nimekusamehe. Utaniletea samadi, toroli kumi, utazisukuma mwenyewe, na utachimba mashimo nitakayokuonyesha. Nikikuta umemtuma mtu, tunaanza upya.

Na wewe ulikuwa huelewi jambo moja. Zile wiki tatu kwa Shangazi ndizo zilizonifundisha Kiingereza cha kwanza. Wenzangu walifika bweni wakilia. Mimi nilifika nikijua kuomba chumvi mezani. Kwa hiyo usijitukuze kwamba uliniharibia maisha. Hukuwa na uwezo huo.

Sasa swali langu nililoliruka.

Susan anataka nibaki moja kwa moja. Karatasi za uhamiaji zimekuwa kwenye droo ya jikoni tangu Desemba, zinangoja sahihi yangu. Nilimwambia nitafikiri. Nikamwambia tena nitafikiri. Kila nikifungua droo kuchukua kijiko nilikuwa naziona. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia ningekuwa nimeamua, na sikuwa nimeamua. Hapa wananipenda. Hapa hakuna mtu anayenitania, lakini wananipenda.

Jana Jumamosi nilikaa mezani nikasema leo nasaini, liishe. Susan akazitoa karatasi. Kulikuwa na fomu nyingine pia, ya bustani, kwa watu wanaojitolea. Ukurasa mmoja tu. Nikasema nianze na hii fupi, kalamu ipate joto. Jina, nikaandika. Tarehe ya kuzaliwa, nikaandika. Anwani ya nyumbani, nikaandika. Nkatha alikuwa ameegemea bega langu, anasoma kwa kidole kila herufi, kwa kuwa mwaka huu anasoma kila kitu hata maboksi ya sabuni. Akamuuliza mama yake kwa Kiingereza, kwa mshangao wa kweli: “Kwani Bibi anaishi ndani ya sanduku?”

Nikatazama. Nilikuwa nimeandika sanduku la posta arobaini na saba, Kamachumu.

Susan akaichukua ile fomu. Akaisoma. Akasema polepole, “Mama, wameuliza unakoishi.”

“Nimeona,” nikamwambia.

“Hukukosea?”

Nilitaka kumwambia nimekosea. Nilikuwa na kalamu mkononi, kufuta ni jambo dogo. Nikamtazama mwanangu, nikamwambia, “Sikukosea.”

Muriuki akainuka, akamchukua Nkatha wakaenda nje kuendesha baiskeli. Mkwe wangu yule, Kiswahili hana, ila akili anayo. Susan alilia. Sikumkataza. Kisha akazikunja zile karatasi za uhamiaji, akazirudisha kwenye droo, akasema zitakaa, haziozi. Akaniuliza kama nitakubali kuja kila baada ya miaka miwili, yeye na Nkatha wakija mwaka wa katikati. Nikasema nitakubali, ila nije wakati wenye theluji, maana koti lile linanidai. Akacheka huku analia, akafungua kompyuta kutafuta tiketi. Nadhani alijua tangu zamani. Nadhani alikuwa anangoja niseme mimi mwenyewe, kama Mama alivyokungoja wewe.

Natua Bukoba Jumamosi, tarehe 11 Mei, saa nane mchana, kupitia Mwanza. Mwambie fundi amalize gauni. Mwambie Paroko asitangaze kanisani. Wifi yangu asipike kwa ajili ya watu hamsini, najua anavyofikiri. Njoo uwanja wa ndege peke yako, na usivae ile miwani ya kusomea, utajikwaa.

Na ukiniona nimetoka mlangoni nimenyamaza, sijakusalimu, usinitanie hapohapo. Nipe dakika tano. Baada ya hapo anza.

Dada yako,
Redempta